Apollinaire, Msomaji wa Mbio

Kama ningekuwa na akili ningeshtuka mapema, kwa ajili ya viatu tu. Mtu anayekimbia kweli anamaliza soli. Vya Apollinaire vilikuwa vimeisha kisigino, upande wa nyuma kabisa, pale mtu anapoburuta miguu akiwa amekaa kwenye benchi, kitabu mkononi, raha zake. Mimi ni msusi, watu wananikalia hapa masaa sita, naona mpaka kucha zao. Kile kisigino nilikiona miaka miwili kabla ya aibu yangu. Nikajisemea, labda ndivyo wakimbiaji wakubwa wanavyokanyaga.

Naitwa Valérie. Saluni yangu iko South Beach, chini ya jengo refu ambalo lifti yake inafanya kazi ikipenda, mlango wa pili baada ya duka la simu. Apollinaire anakaa ghorofa ya tisa na mke wake, Marie-Jeanne. Sisi wote ni watu wa Uvira, tulifika Durban mwaka mmoja, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Kazi yake iko bandarini: anakaa ndani ya kibanda kwenye geti, lori linakuja, anaangalia namba ya kontena, anagonga muhuri, lori linapita. Kati ya lori na lori, anasoma. Na anasoma kitu kimoja tu, vitabu vya watu wanaokimbia.

Si kitabu kimoja wala viwili. Siku nilipopanda kumsuka Marie-Jeanne nilivihesabu nikafika arobaini na kimoja, vingine vikiwa juu ya friji. Anavitoa Overport, kwenye duka la mitumba la bibi wawili wazee, na bibi wale siku hizi wakiona kitabu chochote chenye mguu kwenye jalada wanamwekea pembeni. Iko cha mzee aliyevuka jangwa. Iko cha daktari aliyeandika kurasa mia tatu juu ya goti, goti moja, hata la pili hakulifikia. Iko kimoja kizima juu ya kuvuta pumzi. Mimi navuta pumzi tangu Uvira na sijawahi kuuliza niko ukurasa gani. "Maman Valérie," ananiambia, macho yanamng'aa, "wewe unavuta pumzi vibaya." Eish, mtu huyo!

Jumamosi ndiyo siku yake. Anashuka amevaa kila kitu: kaptura, singlendi ya klabu, kofia, soksi za kubana mpaka magotini, na saa ya mkononi kubwa kama kopo la sadini. Mgongoni begi dogo, ndani ya begi kitabu. Anakimbia kando ya bahari kilomita mbili, anageuka, anarudi mbili, na siku ya baraka anaongeza moja. Anakimbia vizuri, sisemi hapana, mwendo wa mtu aliyetumwa chumvi jirani. Halafu anakaa kwenye benchi na kufungua begi, na hapo ndipo mazoezi yenyewe yanaanza. Masaa mawili, siku nyingine matatu. Nimemwona kwa macho yangu haya akisoma huku mguu unatikisika, jasho jipya linamtoka usoni, anageuza kurasa kwa haraka. Akimaliza sura anavua kofia na kujipangusa. Anarudi nyumbani amechoka kweli, na Marie-Jeanne anampa chakula cha mtu aliyechoka kweli.

Na maneno yake sasa! Hasemi "nimesoma kwamba". Anasema: "Pale kilomita ya thelathini na mbili mwili unakataa. Unaona kama umembeba mtu mwingine. Pale usibishane nao, maman, uongee nao polepole." Anasema hivyo huku anaangalia mbali, sauti imeshuka. Wewe ungefikiri nini? Sisi tulifikiri alikwenda huko akarudi. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuna siku alisema "ndiyo, mimi nimekimbia." Kwa hiyo siwezi kusema alidanganya, ingawa ningependa sana kusema hivyo.

Siku ambazo hana zamu alikuwa anakuja saluni kutusomea. Anavuta kiti karibu na kaske, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, anafungua kitabu cha Kiingereza na kutoa Kiswahili palepale, bila kukwama. Wateja wangu walimpenda. Alikuwa akitusomea habari za mwanamke mmoja aliyekimbia milimani siku nzima na usiku kucha, kidole cha mguu kimevunjika, na kila mara Apollinaire akifunga kitabu yule mwanamke alikuwa bado yuko njiani. Wanawake wazima, na rola kichwani, wakimlilia mtu wa kitabuni! Mmoja alirudi kusukwa kabla nywele hazijachakaa ili ajue kidole kimefikia wapi. Mimi nilikuwa nawacheka, na nilikuwa napunguza sauti ya redio ili nisikie.

Sasa mimi niliingiaje kwenye mambo haya? Daktari. Presha yangu ilikuwa imepanda, akaniambia mama, tembea. Nikatembea. Kutembea kukanipa hasira kwa sababu kila mtu ananipita, nikaanza kukimbia. Nikajiunga na klabu ya watu wetu, Wakongo na Warundi, wanaokutana Jumanne na Alhamisi pale karibu na robot, taa za barabarani, kapteni wao ni Armel, kinyozi, kijana mtulivu. Ndani ya mwaka mmoja nikaweza kilomita ishirini na moja. Presha ilishuka, daktari akafurahi, na ningeishia hapo kwa amani.

Lakini Maman Peguy. Huyu ni présidente wa kwaya yetu ya akina mama, mwanamke mwembamba, mdomo mkali. Siku moja mbele ya kwaya nzima alisema: "Valérie akikimbia, hata bahari inasogea." Watu walicheka mpaka pasta akaja kuuliza kuna nini. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama nikashika kipaza sauti na kumshukuru Mungu kwa medali ya marathoni, kilomita arobaini na mbili, ambayo nitaipata mwezi wa tano. Nikashukuru kabisa, kama vile iko shingoni.

Kwetu kanisani hiyo inaitwa kushukuru kwa imani, na ukishashukuru kwa imani hakuna kurudi kusema samahani. Akina mama walisimama wakapiga vigelegele. Wiki ileile wakachagua kitenge cha sare, kijani chenye ndege wa njano, wawili kwa kila gauni, wanawake thelathini na wawili wakashona, na Jumapili moja baada ya mbio ikatengwa kuwa siku ya shukrani ya medali. Maman Peguy alishona wa kwanza. Alinipimia kitambaa mwenyewe, akasema, "Tutakusindikiza mpaka madhabahuni, mama. Sisi na medali yako." Nikaona meno yake yote. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Mimi nilishafikiria kila kitu katika maisha yangu, lakini kusimama mbele ya ndege wa njano sitini na nne, na shingo tupu, hapana.

Mbio zenyewe zilikuwa na masaa matano tu. Dakika ya mia tatu ikitimia, bunduki inalia, kamba inafungwa, na aliye nyuma ya kamba hapati medali, awe amekimbia au ametambaa. Kwa hiyo ilibidi nipate basi. Basi si gari. Huku Afrika Kusini kwenye mbio ndefu mtu mmoja anafunga kibendera mgongoni kimeandikwa masaa, yeye ndiye dereva, na wengine wanamfuata kwa kundi, wanaimba, wanatembea akisema tembea, wanakimbia akisema kimbia. Dereva mzuri anakufikisha. Wewe kazi yako ni kufuata bendera na kufunga mdomo.

Kwenye mkutano wa klabu Armel akauliza nani ataendesha basi letu la masaa matano, maana yeye mwenyewe anakimbia mbele. Watu wote tukageuza vichwa kwa Apollinaire. Akashika kifua. "Mimi? Jamani, mimi nimesoma tu."

Tulicheka! Unyenyekevu ulioje! "Nimesoma tu!" Mtu anayejua goti kurasa mia tatu! Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote: "Papa Apollinaire, acha aibu, chukua bendera." Akaichukua. Macho yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. Usiku ule, Marie-Jeanne aliniambia baadaye, aliiweka bendera juu ya meza ya chakula na kuandika mipango mpaka asubuhi kutoka kwenye vitabu kumi na vinne.

Wiki ya mbio tulipewa kila mtu mfuko wake: namba ya kifuani, pini nne, na kijitabu cha kurasa nne cha Kiingereza, herufi ndogo. Kaske yangu wakati huo ilikuwa inachechemea mguu mmoja, kila mteja akitikisa kichwa nayo inatikisika. Nikakunja kile kijitabu mara nne, nikakisukuma chini ya mguu. Kaske ikatulia. Kesho yake Apollinaire akaingia, kofia mkononi.

"Maman Valérie, samahani. Kwenye mfuko wangu hakukuwa na kale kakijitabu. Wewe unako? Niazime nikasome, nitakarudisha jioni."

Nilikuwa na mteja chini ya kaske, rola kichwa kizima. Kumtoa, kuinua mashine, kutoa karatasi, mashine ianze tena kucheza, na yote hayo kwa ajili ya nini? Matangazo. "Nilitupa," nikamwambia. Na kwa sababu wateja walikuwa wananiangalia nikaongeza: "Papa, vitabu arobaini na kimoja havijakutosha? Kesho utasoma karatasi ya sabuni?" Walicheka sana. Yeye pia alicheka, akajikuna kichwa, akasema, "Ni ugonjwa, maman." Akaenda zake.

Siku ya mbio tulisimama nyuma kabisa ya watu wote, kulekule kunakofaa mabasi ya pole. Zilipaswa kuanza saa kumi na moja alfajiri, zikachelewa, tukasubiri na baridi ya bahari. Mara bunduki ikalia huko mbele, na sisi hatukusogea. Watu walikuwa wengi mno. Tukajivuta, tukasimama, tukajivuta, dakika tano, sita, ndipo tukafika kwenye lile zulia la mpira la kuanzia. Apollinaire alikuwa ameinua mkono na kidole kiko kwenye saa yake. Mguu wake ulipogusa zulia, akabonyeza. "Sasa!" akasema. "Muda wetu unaanza sasa. Kila mtu muda wake unaanza na mguu wake." Tulikuwa kumi na wanane, wote mara ya kwanza. Tukaitikia amina.

Na aliendesha vizuri, nisimkosee. Alitutembeza kwenye vilima, alituambia kunywa maji kabla ya kiu, vile vipakiti vidogo unavyong'ata kwenye kona. Alitukataza tusile viazi vingi kwenye meza ya kilomita kumi na tano. Kilomita ya ishirini mama mmoja Mzulu aliyekuwa anakimbia nasi alimshika Apollinaire mkono, akaangalia saa yake kubwa, akaangalia ya kwake, akatikisa kichwa. "Hawu, baba," akasema, na akatuacha palepale akaongeza mwendo. Tulimcheka. Tukasema huyo atakata roho kabla ya thelathini.

Kilomita ya thelathini na mbili iko barabara moja kavu, haina kivuli, upande mmoja maghala. Miguu yangu ilishakuwa si yangu. Na dereva wetu akasimama. Alisimama kabisa, katikati ya barabara, mbele ya kibao chenye namba 32, na akakigusa kwa mkono.

"Papa, nini?" nikauliza. "Umeumia?"

"Maman," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto mbele ya keki. "Iko vilevile."

"Nini iko vilevile?"

"Yote. Ule uzito. Yaani ni kama nimembeba mtu, walivyoandika, neno kwa neno! Na ladha ya chuma mdomoni, uliisikia?"

"Kwani wewe hujawahi kufika hapa?"

"Mimi? Hapana. Niliwaambia. Nimesoma tu."

Mungu wangu! Watu kumi na wanane, kilomita kumi zimebaki, na dereva anashangaa barabara kama mgeni! Nilitaka kumpiga na bendera yake. Alikuwa analia kwa raha, machozi yanateremka kwenye singlendi, na anacheka huku analia. Nilimtukana Kifulero, lugha ya mama yangu, kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Yeye akanigeukia na kusema, "Maman Valérie, sasa usibishane nao. Uongee nao polepole." Na akaanza kwenda, na akaanza kutusimulia yule mwanamke wa kidole, sura mpya ambayo hatujaisikia, kilomita baada ya kilomita, na sisi tukaburuta miguu nyuma yake ili tusikie. Nitasema ukweli hata ukiniuma: bila sauti ile mimi ningekaa chini palepale kwenye maghala.

Kilomita ya arobaini nikasikia nguvu zimerudi, sijui kutoka wapi. Nikasema niache nitangulie. Akaniwekea mkono mbele. "Mais non, maman. Tuko na dakika tatu za ziada. Usiharibu kufika kwako. Wote wanaandika hivyo, mtu afike akiwa na macho ya kuona." Nikatii. Hata tukatembea kidogo, tukajipangusa uso, nikafunga kitambaa changu vizuri kwa ajili ya picha. Tukaingia uwanjani tunaimba wimbo wa kwaya, mikono juu. Saa ya Apollinaire ilikuwa inasema masaa manne na dakika hamsini na saba.

Mbele yetu palikuwa na kamba. Mzee mmoja aliyevaa koti jekundu alikuwa amesimama ametugeuzia mgongo, bunduki mkononi imeshuka chini. Mimi nilifikiri watatufungulia. Naapa, nilifikiri ni heshima, kamba ya kukatwa kama siku ya ufunguzi wa duka, na nikaenda nayo mpaka ikanigusa tumboni, ninaimba bado. Upande wa pili yule mama Mzulu alikuwa amekaa kwenye majani, medali shingoni, anakula ndizi. Aliniangalia, akaacha kutafuna.

Bunduki ilikuwa imeshalia dakika tatu zilizopita.

Apollinaire alikuwa anamwonyesha yule mzee saa yake, anamwonyesha tena, anaigonga kwa kidole. Mzee alimjibu neno moja moja, kwa upole, na nilimwona Apollinaire anashusha mkono taratibu. Wenzetu wengine walikaa chini. Mimi sikukaa. Nilimwendea nikamwambia maneno ambayo mke wake hajawahi kumwambia, mbele ya watu, na yeye alisimama tu na bendera mgongoni.

Jumanne akaja saluni. Hakuwa na kitabu, na hilo peke yake lilinishtua. Akakaa kwenye kiti kilekile karibu na kaske, miguu mbele, visigino vyake vile, na mguu wa kaske uko hapo kando ya kiatu chake.

"Nimeuliza Armel," akasema. "Vitabu vyangu vyote ni vya ng'ambo. Kule muda wako unaanza na mguu wako. Huku mwisho unahesabiwa na bunduki, kwa wote, hata aliyesimama nyuma kabisa. Sikujua. Armel anasema iliandikwa kwenye kale kakijitabu." Akavua kofia. "Ningekasoma, maman. Wewe unanijua. Ningekasoma hata mara tatu."

Niliiona kona ya karatasi, nyeupe, inchi mbili kutoka kwenye kisigino chake.

"Si kosa lako," akasema. "Wewe ulikatupa kabla ya kujua."

Na mimi nikafanya nini? Nikapandisha sauti! Nikamwambia asinitafutie sababu, mimi si mkutubi wake, yeye ndiye aliyevaa bendera, yeye ndiye aliyetutembeza kilomita ya arobaini kama watalii. Kila nilivyosema nilijisikia vibaya zaidi na sauti ikapanda zaidi. Aliitika ndiyo, ndiyo, maman, una haki. Akatoka.

Jumamosi nilifunga saluni mapema, nikainua kaske, nikatoa kile kijitabu na kukifungua. Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, hata herufi zilikuwa nene: masaa matano tangu bunduki, kwa kila mkimbiaji, popote aliposimama. Nilikisoma mara tatu. Halafu nikakikunja mara nne, kwenye mikunjo yake ileile, nikakirudisha chini ya mguu. Sikuwa na cha kuweka mahali pake, nilijiambia.

Jumapili ndege wa njano walijaa kanisa. Maman Peguy alikaa mbele, amejifunga kilemba cha sare, macho yako shingoni mwangu tangu mlangoni. Pasta akaniita. Nikashika kipaza sauti, na nilipomwona Maman Peguy anakunja mikono kifuani, nikajua kitakachonitoka mdomoni.

Nikawasimulia Apollinaire. Soksi za kubana, kopo la sadini, goti moja kurasa mia tatu. Nikaigiza anavyokigusa kibao cha thelathini na mbili, "iko vilevile!", na kanisa likalia kwa kicheko, wanaume wanapiga viti. Nikafika kwenye saa iliyoanza na mguu. Nikasema nilikuwa na nguvu, Mungu alinipa nguvu, medali ilikuwa yangu, ila nilimfuata mtu aliyesoma kila kitu duniani isipokuwa kurasa nne alizopaswa kusoma. Ndivyo nilivyosema, maneno hayohayo. Wakapiga makofi.

Apollinaire akasimama kwenye benchi la nyuma. Nilifikiri sasa atasema, Valérie, si nilikuja kukuomba? Hata wateja wawili waliokuwepo siku ile walikuwa kwenye kwaya. Nikashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Alitembea mpaka mbele, akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika: "Ni kweli. Bendera ilikuwa yangu. Maman Valérie, naomba unisamehe mbele ya kanisa." Na akainamisha kichwa.

Nikamsamehe. Nikasema, "Nimekusamehe, papa," na kanisa likapiga vigelegele, na Maman Peguy, huyohuyo, alikuja kunikumbatia na kuninong'oneza, "Pole, mama, walikuponza!" Shingo yangu ilikuwa tupu na hakuna aliyeitazama tena.

Wiki ile alivirudisha vitabu Overport, maboksi matatu. Marie-Jeanne alishuka kunishukuru, nyumba sasa ina nafasi, hata friji inapumua. Siku hizi Apollinaire anakimbia kweli. Kila asubuhi anapita mbele ya saluni, kilomita kumi na tano, ishirini, bila begi, uso umekaza, haangalii bahari. Soli zimeanza kuisha sawasawa. Ananipungia mkono, na mimi nampungia. Nilimuuliza mara moja kama hatatusomea tena, akasema, "Hapana, maman, nimesoma vya kutosha, na kile cha maana sikukisoma." Alisema bila uchungu, nami nikaingia ndani haraka kutafuta kitana.

Wateja ndio wananisumbua. Wakikaa tu, wanauliza: yule mwanamke wa kidole, alifika? Nawaambia alifika. Halafu nawashushia kaske kichwani, nawasha, na mashine inafanya kazi vizuri kabisa, haitikisiki hata kidogo.